Jogoo wa Kuchi ameanguka ghafla, shingo imelala chini. Ni mdondo au kitu kingine?

Kibandani (mwanzisha uzi)

Wakuu habarini za asubuhi. Naomba msaada wa haraka kwa wenye uzoefu na kuku.

Nina jogoo wa aina ya Kuchi, mkubwa, umri wake ni kama miaka miwili. Nipo Chanika. Jana jioni amewika vizuri, amewafukuza vijogoo, ameingia bandani mwenyewe. Asubuhi hii nafungua mlango, mitetea wote wametoka, yeye kabaki chini ya kichanja. Kakalia magoti, mabawa yameshuka, shingo imelala mbele hadi mdomo unagusa maranda. Macho yamefumba nusu. Ukimgusa anafumbua, anakutazama, halafu anafumba tena.

Wenzake wanakula kama kawaida. Chanjo ya mdondo (Newcastle) wamepata, ile ya tone la jicho, mwezi uliopita. Kinyesi chake kidogo, majimaji yenye weupe. Hana kamasi, hakoromi. Kijana wa duka la dawa za mifugo kaniambia nichukue OTC (oksitetrasaiklini, ile antibiotiki) niweke kwenye maji, ila maji yenyewe hanywi.

Picha zinagoma kupanda. Bei niliyomnunulia siiandiki hapa maana mke wangu naye yumo humu.

Mtata wa Mbagala

Pole mkuu. Huo ni mdondo. Kisu kabla hajafa, chemsha, kula. Ukichelewa utafukia hela.

BintiLushoto

Twanga pilipili kichaa na jani la mshubiri, changanya na majivu kidogo, mnyweshe asubuhi na jioni. Bibi yangu hakuwahi kununua dawa ya kuku maisha yake yote.

Ngosha wa Magu

Na kila kiangazi bibi alikuwa anabakiwa na kuku wangapi?

BintiLushoto

Wachache 😂 Ila hao wachache walikuwa wagumu!

Afisa Mstaafu

Kibandani, pole sana. Hiyo OTC iache kwenye pakiti kwanza. Na wewe Mtata, rudisha kisu jikoni.

Mdondo siukatai, maana ndio unaomaliza kuku wa kienyeji nchi hii, na kuchanja peke yake si hakikisho kama chanjo ilizunguka juani kwenye pikipiki kabla ya kufika kwako. Lakini mdondo una tabia zake. Kuku akishaambukizwa, dalili hutokea kati ya siku 2 na 15, mara nyingi siku ya 5 au ya 6, na ukiingia kwenye banda haukai kwa mmoja ukawaacha wengine wanaparua. Utaona kinyesi cha kijani, kuhema mdomo wazi, kukoroma, mayai yanakatika au yanatoka na ganda laini, kisha vifo. Wale wanaovuka siku za mwanzo ndio hupinda shingo: kichwa kinageukia mgongoni au kinatazama juu, kuku anajizungusha palepale, akidonoa punje anaikosa. Shingo ya mdondo inakaza. Ya kwako umesema imelala. Kupinda na kulala ni mambo mawili, na hapo ndipo nataka ukaniangalizie.

Mtoe bandani, muweke kivulini peke yake, kwenye boksi au tenga. Kisha muinue kichwa kwa kidole, uachie. Kinavutwa upande mmoja, au kinashuka tu?

Shika gole, pale chini ya shingo, kuelekea kulia kwake. Asubuhi kabla hajala linatakiwa liwe tupu. Likiwa gumu, limeziba: nyasi kavu, kamba, kipande cha mfuko. Likiwa limejaa maji na mdomo unanuka uchachu, hiyo ni habari nyingine na tiba yake ni nyingine. Fungua mdomo uangalie kama kuna utando wa manjano kooni.

Kuchi ana upanga mdogo, kwa hiyo rangi itafute kwenye ngozi ya uso na ndevu. Uso uliopauka ni upungufu wa damu: minyoo, utitiri, homa ya matumbo, au anavuja damu ndani. Uso wa zambarau, hewa haimtoshi au damu imeingiwa na vijidudu. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, tafuta chawa na utitiri. Tazama miguu yote miwili: mmoja mbele na mwingine nyuma unanipeleka kwenye mahepe (Marek, virusi vinavyopoozesha miguu), ingawa huo huwapata zaidi kuku wa miezi michache kuliko mzee wa miaka miwili.

Kama una kipimajoto cha watoto, kipake mafuta, kiingize mkunduni. Kuku mzima ana 41 na ushee. Akifika 43 ana homa ya kweli. Akiwa chini ya 41 na amelegea hivyo, tusahau maambukizi kwa muda.

Mwisho, shika manyoya mawili matatu ya mgongoni uyavute taratibu. Nitakwambia kwa nini ukishajibu.

Na alikula nini jana na juzi? Sio ulimpa nini. Alikula nini.

Kibandani

Ahsante sana mkuu. Nimefanya yote, mke kashika tochi (kwa hiyo bei kashaiuliza).

Kichwa kinashuka tu, hakivutwi popote. Nikikiinua kinaanguka mkononi kama kitambaa kilicholowa. Gole lina kitu kidogo laini, halina harufu. Kooni safi. Uso mwekundu kawaida, labda umefifia kidogo. Chawa wapo wachache, sio wa kutisha. Miguu yote miwili haina nguvu, nikimsimamisha inakunjika. Joto 40.6, nimepima mara mbili.

Manyoya ndiyo yamenishangaza. Nimevuta taratibu kama ulivyosema, yametoka na vidole bila jogoo kushtuka.

Chakula: nawapa pumba, dagaa na mashudu. Mchana wanazunguka uwanjani na nyuma kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa.

Mama Vifaranga

Manyoya yanachomoka? Mwanangu, acha simu, zunguka nyuma ya banda na hicho kiwanja utafute mzoga. Panya, paka, ndege, kuku aliyefia majanini, chochote chenye funza. Fukuza na hao mitetea wasirudi huko.

Afisa Mstaafu

Mama Vifaranga kanitangulia. Msikilize.

Wakati unatafuta, nieleze ninachofikiria. Kuna ugonjwa unaitwa botulizimu. Si maambukizi ya kuhama kutoka kuku mmoja hadi mwingine, ni sumu. Kuna bakteria wanaokaa udongoni na ndani ya matumbo ya wanyama wakiwa wametulia, hawana shida na mtu. Mnyama akifa, mzoga ukaanza kuoza ndani kusikofika hewa, na hasa kipindi hiki cha joto na mvua, wanazaliana na kutoa sumu kali mno. Funza wanaokula ule mzoga wanaibeba mwilini bila wao kudhurika. Kuku akikuta funza, kwake ni sherehe. Anawadonoa wote, na sumu inaingia.

Sumu hiyo inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Ndiyo maana hakuna kukaza, kuna kulegea tu. Inaanza miguuni, inapanda kwenye mabawa, shingo, kope. Macho yanafumba si kwa usingizi, ni kope zimekosa nguvu. Ndani yake kuku anakusikia vizuri, ndiyo maana alikutazama. Ikifika kwenye misuli ya kupumulia, anakufa. Dalili hutokea ndani ya saa chache mpaka siku moja au mbili baada ya kula. Hakuna homa. Manyoya kulegea hivyo ni kitu ambacho magonjwa mengine hayafanyi kirahisi, ndiyo maana nilikuuliza.

Jogoo kuwa peke yake pia inaeleweka. Mkubwa ndiye anafika wa kwanza na hakuna wa kumfukuza. Ila usijifariji, angalia wengine jioni.

Mtata wa Mbagala

Mzee, siku zote tunajua jogoo akikuta kitu anawaita mitetea wale kwanza.

Ngosha wa Magu

Kuchi hana ustaarabu huo, Mtata. Anakula, anapigana, analala.

Kibandani

Nimepata. Kiwanja cha nyuma, chini ya mbao za zamani, panya buku, amevimba na ameshafunguka, funza wamejaa. Pembeni pameparuliwa.

Swali: jirani wa upande wa pili huwa anaweka sumu ya panya. Si inawezekana jogoo amekula ile sumu kupitia kwa panya?

Afisa Mstaafu

Swali zuri. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani zinazuia damu kuganda. Kuku aliyeipata hadondoki usiku mmoja. Anachukua siku kadhaa, uso unakuwa mweupe, unaona michubuko ya damu chini ya ngozi, pengine damu kwenye kinyesi au puani. Wako ana uso mwekundu. Zipo na zile za vipakiti zisizo na jina, zinaua haraka, lakini kuku wa hizo anatetemeka, anatokwa na ute mdomoni, anaharisha sana, misuli inarukaruka. Hujaniambia hata moja ya hizo. Kwa hiyo panya yule inawezekana alikufa kwa sumu ya jirani, ila kilichomwangusha jogoo ni kilichotokea baada ya panya kufa.

Uthibitisho kamili unatoka maabara tu. Kwa macho tumefika mbali vya kutosha kuanza kazi.

Kwanza mzoga. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, chota panya pamoja na udongo wa chini yake na funza wote. Choma mpaka viishe, au fukia kwenye shimo refu umwagie chokaa na uweke mawe juu, mbwa wasifukue. Usiviache juu ya jalala.

Pili jogoo. Dawa ya kuiua hiyo sumu ikishakamata mshipa wa fahamu haipo dukani kwetu. Unachofanya ni kuosha ile iliyobaki tumboni na kumshikilia hai mpaka mwili wake urudi. Nenda duka la dawa la watu, ulizia chumvi ya haluli (Epsom). Kijiko kimoja kidogo cha chai, kwenye maji kama mililita 30, ikoroge iyeyuke yote. Hiyo ni kwa kuku mkubwa, mara moja. Usimmiminie mdomoni! Hawezi kumeza sawasawa, utamjaza maji kwenye mapafu na atakufa kwa mkono wako, sio kwa sumu. Kama kuna daktari wa mifugo karibu, amwekee kwa mpira laini moja kwa moja hadi kwenye gole. Mpira unapita upande wa kulia wa koo lake. Lile tundu unaloliona katikati nyuma ya ulimi ni la hewa, usiliguse. Ukishindwa kumpata, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone pembeni ya mdomo, kichwa kikiwa juu, subiri ameze ndipo uongeze. Itachukua muda. Itachukua mchana wako wote.

Kesho yake anza maji yenye ORS, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili tatu. Mtengenezee kata ya kitenge akalie ili kifua kisigandamizwe, shingo iegemee juu ya ukingo wa kata. Mgeuze upande kila mara. Mkundu uusafishe, nzi wasije wakataga hapo. Chakula kigumu hapana, mpaka shingo ibebe kichwa.

Akivuka saa 48 na bado anahema vizuri, moyo wako ushuke.

Mfuga Kwa Simu

Kwa hiyo OTC haina kazi kabisa? Mimi kuku wangu wakiumwa chochote nawawekea OTC na wanapona.

Afisa Mstaafu

Wanaopona walikuwa na kitu ambacho OTC inakitibu, au wangepona wenyewe. Ni dawa nzuri mahali pake: mafua ya kuku, kipindupindu cha kuku, baadhi ya magonjwa ya njia ya hewa. Kwa mdondo haifanyi kitu, ule ni virusi. Kwa sumu haifanyi kitu. Ukiizoea kwa kila kikohozi, siku bakteria wa bandani kwako wakiizoea pia utabaki unaangalia pakiti. Na mayai unayouza asubuhi yana dawa ndani. Soma karatasi ya ndani ya pakiti, kuna siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Wauzaji wengi hawasemi.

Mfuga Kwa Simu

Mayai ya kwangu nakula mwenyewe.

Mama Vifaranga

Ndiyo maana dawa hazikufanyii kazi tena hata wewe 😂

Ingokho254

Salamu kutoka Kakamega. Afisa, nisaidie na mimi, sitaki kufungua uzi mwingine. Jogoo wangu ndevu moja imefura ikawa ngumu na ina joto. Anakula kidogo, ametulia sana. Wiki jana mtetea alikufa usiku bila kuonyesha dalili yoyote, alikuwa mnono na bado anataga. Mtu wa agrovet ameniambia ni mafua. Lakini hana kamasi.

Afisa Mstaafu

Karibu ndugu yetu. Mafua ya kuku yanavimbisha uso mzima, hasa kuzunguka macho, jicho linaziba, na kamasi yake inanuka, ukiingia bandani unaijua kabla hujawaona kuku. Ndevu moja iliyovimba, ngumu na ya moto, kwa jogoo mkubwa, na mtetea mnono kufa ghafla kwenye banda hilohilo: mimi ningewaza kipindupindu cha kuku. Hakina uhusiano na kipindupindu cha watu. Kinapenda kuku wakubwa, na kikiingia kwa kasi unakuta amekufa kabla hujajua anaumwa. Wanaobaki ndio hupata uvimbe wa ndevu, viungo vya miguu au nyayo.

Ukipata mwingine aliyekufa, mpeleke maabara ya mifugo siku hiyohiyo, kwenye barafu lakini asigandishwe kwenye friza. Wakimfungua, ini lenye vidoadoa vyeupe vidogo vingi litawaonyesha njia, kisha wataotesha vijidudu. Ini kubwa lenye rangi ya shaba litawapeleka kwenye homa ya matumbo. Vidoa vya damu kwenye kile kifuko kinachotangulia firigisi vitawapeleka kwenye mdondo. Kuku mmoja aliyefunguliwa vizuri ana faida kuliko pakiti kumi za dawa.

Dawa za salfa au OTC husaidia, kwa kipimo cha daktari wako. Uvimbe ambao usaha wake umeshakuwa mgumu dawa haiufikii, inabidi upasuliwe na anayejua. Na pambana na panya. Wanaubeba huo ugonjwa. Jogoo akipona usimuuze kwa mtu mwingine wala kumwazima, anaweza kubaki na vijidudu.

Ingokho254

Asante mzee. Panya ni wengi, store ya mahindi iko kando ya banda. Nitaihamisha.

Mpwapwa Kwetu

Naongezea kwa faida ya wa kanda ya kati. Huku kwetu kuku wakilegea miguu na kuharisha kijani kila mtu anasema mdondo. Daktari aliyekuja kwetu alisubiri usiku, akaingia na tochi, akaanza kuchokonoa nyufa za ukuta wa udongo. Papasi wamejaa. Wanatoka usiku, wananyonya, asubuhi wamejificha, ndiyo maana mchana humuoni hata mmoja kwenye mwili wa kuku. Wanaambukiza homa yao ya kuku, na hiyo inatibika kwa penisilini. Tulifukia nyufa zote kwa udongo na samadi, tukanyunyizia dawa, vichanja tukavitenga na ukuta.

Afisa Mstaafu

Hii ni nyongeza ya maana sana. Kwa nyumba za tembe na mabanda ya fito na udongo, angalieni nyufa kabla ya kulaumu chanjo.

Kibandani

Mrejesho. Chumvi ya haluli nilipata duka la pili. Daktari wa mifugo wa kata alikuja jioni, mtu mwema, akamwekea kwa mpira, akakubaliana na Afisa kuhusu shingo. Jogoo amelala ndani kwenye boksi, jikoni. Usiku kaharisha mno, maji tupu, na harufu ambayo imefanya watoto wahamie kwa shangazi yao.

Asubuhi hii bado yuko hai. Shingo bado. Ila nikiweka tone la maji anameza haraka kuliko jana.

Mtetea mmoja, yule mwekundu, jana jioni alikuwa anayumba. Nikamtenga, daktari akampa naye. Leo amekufa. Wengine wazima.

Mama Vifaranga

Pole mwanangu. Huyo aliyekufa usimtupe jalalani, naye ni mzoga. Mkimwacha mnaanza upya.

Mtata wa Mbagala

Je, hata kuchemsha sana haliwi?

Afisa Mstaafu

Mtata, wewe una njaa gani? Aina ya sumu inayowapata kuku kwa kawaida si ile inayoangusha binadamu mara nyingi, na moto unaiharibu. Lakini kuku aliyekufa mwenyewe hujui amekufa na nini kingine, na hapa tunakisia bila maabara. Haliwi. Kwa mdondo vilevile: watu wanachinja mgonjwa, manyoya na matumbo wanamwaga nyuma ya nyumba, kuku wa mtaa mzima wanakuja kudonoa. Mlipuko wa mtaa mara nyingi unaanzia kwenye sinia la kitoweo.

Na wakifa wengi kwa mpigo, iwe kwako au kwa jirani, mwambieni afisa mifugo wa kata kabla ya kushika kushika. Kuna mafua ya ndege duniani, si jambo la kubahatisha nyumbani.

Jimbi la Wete

Assalaam alaykum. Mimi nipo Pemba. Nawazalishia kuku wangu funza kwa vichwa na matumbo ya samaki kutoka bandarini, naviacha kwenye pipa vinaoza. Jimbi wangu na makoo wanawapenda sana. Sasa mumenitia khofu. Niache?

Afisa Mstaafu

Waalaykum salaam. Kwa samaki waliooza, ndiyo, acha. Nyama na samaki vinavyooza ndani ya pipa lililofunikwa ndiyo mazingira ambayo sumu hii inayataka. Huenda umefanya miaka mingi bila tukio, lakini siku likitokea utapoteza banda zima kwa mlo mmoja, maana hapo wote wanakula sawa.

Funza wazalishe kwa samadi ya ng'ombe, pumba zilizolowa, mabaki ya mboga na matunda. Tandaza, usirundike kwa kina, hewa ipite. Ukiona panya au mjusi amefia humo, mwaga lote. Ukitaka usalama zaidi, wamwagie maji ya moto, waanike juani kwanza. Hao mchwa wa kichuguu nao ni lishe bora na hawali mizoga.

Jimbi la Wete

Ahsante bwana. Mchwa kwetu shida, lakini maganda ya ndizi na mafenesi tele.

Kibandani

Wakuu, leo kichwa kimenyanyuka. Sio sana, anakishikilia kidogo halafu kinateremka tena, ila anakishikilia mwenyewe. Kope zimefunguka. Nimempa uji mwembamba wa dona na yai kwa bomba, tone kwa tone, kameza wote. Miguu bado haibebi.

Daktari kasema nisiwe na haraka ya kumsimamisha, nimkunje na kumnyoosha miguu mara kadhaa kwa siku isikakamae.

BintiLushoto

Mpe na mshubiri kidogo 😊

Afisa Mstaafu

Hapana BintiLushoto, huyu ameshaharishwa vya kutosha, na mshubiri nao unaharisha. Mpe maji.

Mfuga Kwa Simu

Swali la mwisho kwangu. Mmesema chanjo inaweza kuharibika kabla ya kufika kwa kuku. Mimi chanjo yangu huwa naiweka kwenye maji ya bomba. Kuna shida?

Ngosha wa Magu

Klorini ya maji ya bomba inaua chanjo. Aliyekuelekeza hakukwambia uweke maziwa ya unga yasiyo na mafuta? Kama gramu 2 na nusu kwa lita, koroga, subiri kidogo, ndipo uweke chanjo. Au tumia maji ya kisima au ya mvua. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, wakija wanywe yote kwa pamoja. Vyombo vya plastiki, visioshwe kwa sabuni siku hiyo. Mimi nimehamia tone la jicho, kila kuku namshika, kila miezi mitatu. Kuchosha kunachosha, ila unajua nani kapata.

Afisa Mstaafu

Na vifaranga: mdondo siku ya 7 na ya 21, gumboro siku ya 14 na ya 28, ndui wakifika wiki ya 6 hadi ya 8, kisha mdondo kila miezi mitatu. Aliyechanjwa leo hajakingwa leo. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili. Msichanje kuku ambaye tayari anaumwa.

Kibandani

Mrejesho mwingine. Anasimama. Anatembea kama mlevi, anagonga ukuta wa jikoni, lakini anasimama, anakula dona mwenyewe na leo alfajiri kajaribu kuwika, sauti ikatoka nusu. Manyoya ya mgongoni yamepukutika sehemu kubwa, amebaki na ngozi. Kiwanja cha nyuma nimekizungushia wavu na mbao zote nimeziondoa na mwenye kiwanja.

Tatizo jipya: kijogoo mkubwa kati ya vile vidogo ameshachukua utawala. Mitetea wanamfuata yeye. Nikimrudisha huyu mgonjwa si atauawa?

Ngosha wa Magu

Atauawa. Kuchi hakubali kushindwa, na miguu hana bado. Usimrudishe mpaka akimbie.

Mama Vifaranga

Mweke kwenye tenga katikati ya uwanja mchana, waonane bila kugusana, manyoya yaendelee kuota. Akishakuwa na nguvu mwingize bandani usiku wakiwa wamelala, na siku hiyo kijogoo mhamishe kwa ndugu au kwenye banda lingine. Siku chache jogoo mkubwa akae na mitetea peke yake.

Mtata wa Mbagala

Au huyo kijogoo...

Kibandani

Huyo kijogoo, Mtata, ni mzima, hana dawa wala sumu. Jumapili karibu Chanika, njoo na mchele.